Nusu ya Meza

Nyumba njema si mlango, walinena wahenga.
Yangu ukifungua mlango umekwisha kuitembelea:
hatua saba hadi dirishani, nne hadi ukutani,
na mlango wenyewe, ukifunguka, unameza hatua moja.

Bukaresti, ghorofa ya saba, Februari.
Lifti imebandikwa karatasi, "Imeharibika",
na karatasi imechakaa kuliko lifti.
Fundi Nelu na mwanawe wakaipandisha meza kwa ngazi,
meza ya mwaloni, ya watu wanane, miguu yenye makucha ya simba.
Kila kona waliigeuza, wakaibembeleza, wakaitukana,
nami nyuma yao nimekumbatia droo
kama mtu anayesindikiza jeneza.

Aglaia wa mlango wa pili akachungulia:
"Mama, hiyo ni meza au uwanja wa mpira?"

Tuligawana vitu mbele ya wakili, mimi na Valeriu.
Yeye gari na mizabibu ya mama yake.
Mimi sahani, cherehani, na meza,
kwa sababu sikutaka mwingine aweke kikombe
juu ya ile alama nyeusi, ya mwaka wetu wa kwanza,
tuliposahau pasi mezani
mpaka moshi ukatutoa kitandani.

Siku tatu nilikula nimesimama.
Meza katikati, ng'ombe ndani ya tundu la kuku;
nikienda kuoga naipanda,
nikienda kulala napita chini.
Ya nne nikautoa utepe wangu wa ushonaji, ule wa njano
uliozunguka viuno vya mtaa mzima,
nikakipima chumba kama ninavyompima bibi harusi
anayeapa kwamba kufikia Pasaka atakuwa amepungua.
Chumba hakikuapa kitu.

Basi nikaanza juu, kwenye hewa, ambayo haina kodi.
Sufuria zikaning'inia darini.
Zulia la nyanya likapanda ukutani,
maana sakafuni lingelala limekunja miguu.
Kitanda nikakiinua juu ya makreti ya tufaha,
na ndani ya makreti: viatu vya theluji, vitambaa, chumvi, mishumaa,
barua ambazo sizisomi wala sizichomi.
Kibarazani, nyuma ya vioo, cherehani ikabanana
na mitungi ya kabichi ya siki.
Vifungo nikavitenga kwa rangi, chupa kwa chupa, dirishani.
Saa nne asubuhi jua hupita humo
na sakafu yote huvaa nguo isiyo na mshono.

Ikabaki meza.

"Nelu, njoo na msumeno."
Akavua kofia. "Bibi, mwaloni huu una miaka sitini."
"Nami nina sitini na miwili. Nimekatwa. Unaniona."

Nilimwambia apite kulia kwa alama.
Msumeno una macho yake: ukapita katikati, barabara,
ukaipasua pasi kutoka ncha hadi kisigino.
Vumbi likanuka mkate, likanuka siki, mwisho likanuka vumbi.
Sikulia. Nilifagia.

Nusu moja Nelu aliichukua iwe ujira.
Nusu yangu akaikaza ukutani, upande uliokatwa ndani,
na juu yake, bila kuacha hata upenyo wa wembe,
kioo cha kabati la zamani.

Nikawasha taa.
Meza ikawa nzima.
Pasi nayo ikajiunga, nusu ya mbao, nusu ya kioo,
na ng'ambo ya pili mwanamke mwenye sindano kifuani
akaketi nilipoketi.
Tukatazamana kitambo.
Anahitaji kukata nywele.

Jioni Aglaia akabisha, bakuli la supu mkononi,
akasimama mlangoni akihesabu viti kwa kidole.
"Kumbe tuko wanne. Ungesema, ningeongeza maji."
Akaonja, akakunja uso.
"Chumvi iko wapi?"
"Chini ya kitanda. Kreti ya pili. Nyuma ya viatu.
Hapana, Aglaia, inama zaidi."